Wasomaji Wauliza: Mgonjwa wa Ini Asilale na Njaa

Barua tatu tulizozichagua kwa toleo hili zinahusu ini lililoharibiwa na pombe. Mbili zimetoka mashariki na kaskazini ya Uganda, na moja imetoka Bombo. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu makosa inayoyaeleza nimeyakuta katika nyumba nyingi, nami naamini yanaweza kurekebishwa kuanzia leo jioni.

Swali: Afisa lishe, pokea salamu zangu. Mume wangu ana umri wa miaka 47, na kwa muda wa miaka ishirini hivi amekunywa malwa na waragi. Mapema mwaka huu tumbo lake lilivimba na macho yakawa ya manjano. Tulipompeleka hospitali tukaambiwa kwamba ini lake limejaa makovu. Tangu siku hiyo hajagusa pombe. Shemeji yangu mkubwa na majirani wanasema kwamba ini lililochoka halitaki maharagwe, mayai, nyama wala samaki, kwa hiyo ninampa matoke na chai ya rangi tu. Vidonge vimelipunguza tumbo, lakini mikono yake imebaki kama vijiti, na haupiti mwezi bila kuugua: mara kikohozi, mara jipu, mara kuhara. Nimlishe nini ili kinga yake irudi? — Mke wa mgonjwa, Tororo

Jibu: Mama, pole sana kwa kuuguza, na hongera kwa mumeo kuiacha pombe, kwa maana hakuna chakula wala dawa inayolisaidia ini lake kuliko hatua hiyo. Jambo la kwanza ninalokuomba ni kurudisha maharagwe, mayai na samaki katika sahani yake leo hii, bila kungoja mwisho wa mwezi.

Shemeji yako hakulitunga katazo hilo. Sisi wahudumu wa afya ndio tuliolieneza kwa miaka mingi. Protini inapovunjwa mwilini hutoa amonia, na ini lenye makovu hushindwa kuisafisha yote, hivyo sumu hiyo ikipanda kichwani mgonjwa huchanganyikiwa, hulala mchana na kukesha usiku, na mikono yake hupepesuka anapoinyoosha. Kwa kuogopa hali hiyo, wagonjwa walinyimwa protini. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa Barcelona, nchini Hispania, ambapo wagonjwa waliokuwa wamechanganyikiwa hivyo waligawanywa katika makundi mawili: kundi moja lilianza kwa kunyimwa protini na kuongezewa kidogo kidogo, na kundi la pili lilipewa kiasi cha kawaida tangu siku ya kwanza. Akili za wagonjwa wa makundi yote mawili zilirudi kwa namna ileile, lakini miili ya wale walionyimwa ilizidi kujila yenyewe. Tena, misuli nayo husafisha amonia pale ini linaposhindwa, kwa hiyo kumkondesha mgonjwa wa ini ni kumwondolea msaidizi wake wa pili. Miongozo ya leo ya madaktari wa ini na wataalamu wa lishe inasema wazi kwamba protini isipunguzwe, hata kwa mgonjwa aliyewahi kuchanganyikiwa.

Nilipokuwa mwanafunzi katika wodi moja ya mashariki, niliona kadi iliyobandikwa juu ya kitanda cha mzee mmoja, imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba asipewe maharagwe wala samaki. Kila mchana mkewe alimletea bakuli la matoke yaliyopondwa, naye alikula vijiko vitatu, akageukia ukuta. Mashavu na panda za uso wake zilikuwa zimebonyea kiasi kwamba kivuli cha dirisha kilikaa ndani yake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na mimi pia sikuiuliza ile kadi. Ninakueleza haya ili ujue kwamba mtu anaweza kumpenda mgonjwa kwa moyo wake wote na bado akamnyima kitu anachokihitaji.

Sasa nije kwenye kinga, kwani ndiyo uliyoiuliza. Karibu damu yote inayotoka kwenye utumbo hupitia kwenye ini kabla ya kuenea mwilini, na ndani ya ini zimo chembe zinazokaa kama walinzi wa lango, zikimeza vijidudu vilivyoponyoka kutoka tumboni. Ini hilohilo hutengeneza sehemu kubwa ya protini za damu zinazovitambua na kuviua vijidudu. Pombe huudhoofisha ukuta wa utumbo ukavuja, na makovu huifanya damu itafute njia za pembeni na kuukwepa ule mlango wenye walinzi. Wengu nao huvimba na kuzizuia chembe nyeupe ambazo zingekuwa zinazunguka mwilini. Ndiyo maana mumeo anaugua mara kwa mara. Mwili wake unapambana kutwa kucha na vijidudu vinavyovuja, na mapambano hayo ya ndani yanamla nguvu, lakini adui halisi akija, kama vile nimonia au kifua kikuu, askari wanakuwa wamekwisha kuchoka. Askari wenyewe hujengwa kwa protini, zinki na vitamini ambazo matoke na chai ya rangi haviwezi kuzitoa. Matoke ni chakula chema, lakini katika gramu 100 za matoke yaliyopikwa mna takriban gramu moja tu ya protini.

Kipimo kinachopendekezwa ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa kwa siku, pamoja na nishati ya kalori zisizopungua 30 hadi 35 kwa kila kilo. Uzito unaohesabiwa ni ule usio na maji ya tumboni. Tuchukue kwamba mumeo, maji yakitolewa, ana kilo 60: atahitaji gramu 72 hadi 90 za protini kila siku. Hesabu hiyo inaweza kukutisha, kumbe sokoni Tororo inapatikana bila kununua nyama hata kidogo. Mayai mawili asubuhi yana gramu 13 hivi. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina 15. Konzi ya mukene mkavu, yaani dagaa wa ziwani, kiasi cha gramu 30, ina karibu 18, na vikombe viwili vya maziwa vina 16. Karanga za kusaga, vijiko viwili vya chakula vilivyojaa, huongeza gramu 7. Ukijumlisha na posho, yaani ugali wa mahindi, na uji wa ulezi, umefika. Protini ya nafaka, maharagwe na maziwa huvumiliwa vizuri hata na wale waliowahi kuchanganyikiwa, kwa hiyo kama pesa haitoshi kununua samaki, usijione kwamba umeshindwa.

Mukene uoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe chini ya bakuli, uukaange bila maji hadi uanze kunukia na kukatika kwa vidole, kisha uutwange. Unga wake uhifadhi kwenye mkebe wenye kifuniko. Mgonjwa asiye na hamu ya kula hawezi kumaliza sahani ya samaki, lakini kijiko cha unga huo kikikorogwa ndani ya mchuzi wa karanga hakimshindi. Karanga na mahindi uvichambue punje kwa punje mchana, penye mwanga, na kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu uitupe mbali, usiwape hata kuku. Sumu kuvu inayotokana na ukungu huo husababisha saratani ya ini, tena kuipika hakuiondoi.

Hata hivyo, kama ningeruhusiwa kukupa shauri moja tu, lingekuwa la usiku. Ini zima huweka akiba ya wanga ambayo huutunza mwili usiku kucha mpaka asubuhi. Ini lenye makovu halina ghala hilo. Mgonjwa wa namna hiyo akila saa moja jioni na asile tena mpaka saa tatu asubuhi, mwili wake huwa katika hali inayofanana na ya mtu mzima wa afya aliyekaa na njaa siku mbili au tatu, nao huanza kuchoma mafuta na kuibomoa misuli yake ili kupata sukari. Hivyo ndivyo mikono inavyogeuka vijiti, ijapokuwa mchana alikula. Nchini New Zealand wagonjwa waliopewa lishe ya ziada usiku kwa mwaka mzima waliongeza takriban kilo mbili za mwili usio mafuta, ilhali wenzao waliopewa lishe hiyohiyo mchana hawakuongeza kitu.

Kwa hiyo pika uji wa ulezi mzito kiasi, utie maziwa na kijiko cha karanga za kusaga, uumimine kwenye chupa ya chai, uiweke karibu na kitanda. Anywe kikombe kikubwa anapokwenda kulala, na akiamka usiku kwenda haja ndogo, jambo ambalo vidonge vya maji humlazimisha, anywe nusu kikombe tena. Asubuhi ale mara tu anapoamka, hata ikiwa ni kipande cha kiazi kitamu na yai. Mchana mgawie milo midogo mitano au sita badala ya miwili mikubwa, kwa sababu maji ya tumboni hulibana tumbo na kumfanya ashibe upesi.

Chumvi ni ngumu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kwa mwenye maji tumboni, jumla ya chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo tayari katika mkate, samaki wa chumvi na viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi. Chumvi inayovunwa ziwani Katwe ni chumvi vilevile, na magadi yanayotiwa kwenye mboga ili ilainike yana sodiamu, madini yaleyale ya kwenye chumvi yanayoyavuta maji. Lakini usimpe chakula kisicho na ladha kabisa mpaka akakikataa, kwani mgonjwa asiyekula ameingia hatari kubwa kuliko yule aliyekula chumvi kidogo. Tumia limau, kitunguu, nyanya, tangawizi na bizari.

Kuhusu vitamini, mwombe daktari aangalie kama anahitaji thiamini, ambayo ni vitamini B1, na asidi ya foliki, kwa sababu pombe huzimaliza zote mbili. Mnywaji wa siku nyingi akianza kuyumba anapotembea, macho yakacheza au yakaona vitu viwiliviwili, na akili ikavurugika, hiyo ni dharura: anatakiwa achomwe thiamini hospitalini mara moja, na hasa kabla ya kutundikiwa maji ya sukari. Usimnunulie dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma bila kupimwa, kwa sababu ini la mnywaji mara nyingi limerundika chuma tayari. Vitamini A kwa wingi pia huliumiza ini.

Usimpime kwa mizani peke yake, maana maji hudanganya. Chukua kamba au utepe wa fundi cherehani, uzungushe katikati ya mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, andika tarehe na kipimo, na urudie kila baada ya wiki mbili. Mkono ukipungua, chakula hakitoshi, hata kama mizani inasema uzito umepanda.

La mwisho kwako, mama, ni la haraka. Maji ya tumboni yanaweza kuingiwa na vijidudu bila kidonda chochote, na kwa mgonjwa wa ini maambukizi huweza kukosa homa kabisa. Ukiona tumbo linauma, mkojo umepungua, usingizi wa mchana umezidi, maneno hayaeleweki, anatapika damu au choo kimekuwa cheusi kama lami, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali ya rufaa ambako maji hayo yanaweza kuvutwa kwa sindano na kupimwa, kwa kuwa kwa mgonjwa wa namna hii maambukizi huizidisha hatari ya kifo takriban mara nne. Maumivu madogo ya kawaida yatulizwe kwa parasetamoli isiyozidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500. Diklofenaki na ibuprofeni asipewe kamwe, maana huzidhuru figo zake na kuweza kumtoa damu tumboni.

Swali: Mimi ni dereva wa boda hapa Arua. Kaka yangu mkubwa amepimwa akakutwa ini lina mafuta na limevimba, lakini bado anakunywa kila siku. Anasema pombe ya ulezi au mtama ni chakula, na kwamba akichanganya na unga wa kuongeza kinga unaouzwa mjini hatapata madhara. Unga huo ni ghali na mimi ndiye ninayeununua. Niendelee? — Mdogo mtu, Arua

Jibu: Usiendelee, ndugu yangu. Hakuna unga wala dawa ya chupa iliyothibitishwa kulikinga ini la mtu anayeendelea kunywa, na baadhi ya mitishamba isiyojulikana kipimo imewahi kuliharibu hata ini lililokuwa zima. Pesa hizo nunua mayai na maziwa.

Kuhusu pombe kuwa chakula, ni kweli kwamba kila gramu ya kileo ina kalori 7, ndiyo maana mnywaji hujisikia ameshiba. Lakini kalori hizo hazijengi msuli wala chembe ya damu. Nafaka ilikuwa chakula kabla haijachachushwa, na mwenye kuitaka nafaka na anywe uji. Habari njema ni kwamba hatua aliyopo kaka yako bado inarudi nyuma: mafuta ya ini yanaweza kupungua sana ndani ya wiki chache akiacha kabisa.

Ninakuonya, hata hivyo, juu ya namna ya kuacha. Anayekunywa kila siku tangu asubuhi, kisha akafungiwa nyumbani ghafla, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyopo na kushikwa na degedege linaloua, hasa katika siku tatu za mwanzo. Usimfungie. Mpeleke kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, kwani huko hupewa dawa za kumtuliza pamoja na thiamini. Wenye hali nzito hupelekwa hospitali ya afya ya akili ya Butabika, Kampala, ambako kuna wodi ya walevi na watumiaji wa dawa za kulevya.

Mwende pia akapimwe homa ya ini aina ya B. Uganda ilianza kuwachanja watoto wachanga wote mwaka 2002, kwa hiyo mtu aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata chanjo hiyo uchangani, na kaskazini mwa nchi ugonjwa huo umeenea kuliko sehemu nyingine. Virusi hivyo vikikutana na pombe katika ini moja, makovu huja mapema zaidi. Asipokutwa navyo achanjwe dozi zote tatu. Na popote atakapotibiwa kifua kikuu au ugonjwa mwingine wowote, aseme kwanza kwamba ana ini bovu, kwa sababu baadhi ya dawa za kifua kikuu hulichosha.

Swali: Assalaam aleikum. Mjomba wetu aliacha pombe miaka miwili iliyopita na akarejea msikitini, jambo lililotufurahisha sana. Ana makovu ya ini na maji tumboni. Ramadhani iliyopita alifunga siku kumi na moja akaanguka. Anasisitiza kwamba mwaka huu atafunga zote ili kulipia miaka aliyoipoteza. Tumwambieje? — Wapwa zake, Bombo

Jibu: Waaleikum salaam. Mwambieni kwanza kwamba mnaiona nia yake, kwa sababu anayetaka kulipa deni la Mola wake hastahili kukaripiwa. Kisha mwelezeni kilichompata. Niliyomjibu mama wa Tororo kuhusu njaa ya usiku yanamhusu mjomba wenu maradufu. Mwenye maji tumboni anayekaa tangu daku hadi magharibi bila chakula wala maji huibomoa misuli yake, sukari ya damu huweza kushuka ghafla, na figo ambazo tayari zinasukumwa na vidonge vya kutoa maji hukosa maji ya kufanyia kazi. Kuanguka kwake siku ya kumi na moja hakukuwa udhaifu wa imani. Kwa hali yake asifunge, na daktari anayemtibu atakuambieni hivyohivyo.

Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, inamruhusu mgonjwa kutofunga. Ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona hutoa fidia kwa kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Mwombeni imamu wake aende kumwona nyumbani na kumweleza hayo kwa mdomo wake, kwa sababu neno la imamu litamtuliza kuliko letu. Huenda akapenda fidia hiyo aipike na kuigawa yeye mwenyewe, na hilo mmsaidie.

Jioni msimwache chumbani peke yake kwa sababu mchana alikula. Akae nanyi kwenye mkeka wa futari, ale tende mbili, maharagwe na samaki asiye wa chumvi, anywe uji pamoja na wenzake, na baada ya tarawehe apelekewe kikombe chake cha mwisho kabla ya kulala.